Fungu la Melkior

Saa mbili kasorobo asubuhi, tarehe ishirini na saba Desemba, Dokta Vedastus alivuta droo ya friza kubwa ya maabara, akainama kutazama chini yake. Friza ilikuwa inanguruma vizuri tu, na vichupa vyote vilikuwa vimeganda. Lakini chini ya droo palikuwa na bamba la barafu, na maji hayawezi kujikusanya chini kama kitu hakikuyeyuka kwanza. Mtu alikuwa ameizima friza, akaacha kila kitu kiyeyuke, kisha akaiwasha tena. Seli za ini zilizoagizwa kutoka ng'ambo, ambazo angezitumia asubuhi ileile, zilikuwa zimekufa.

"Mungu wangu, wamenimaliza," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Wiki ya Krismasi mjini Moshi ni kiroja. Magari yanamiminika kutoka Dar, na yote yanapanda mlimani. Wenyewe wamekwenda kwao. Asiye na kwao huku, kama Vedastus aliyezaliwa Ngara, anabaki kwenye chumba cha kupanga Njoro, anapika wali wake na kuula akitazama simu isiyolia. Shahada ya uzamivu anayo, tena ya kweli, ila anaishi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na wa safari hii ulikuwa unaisha mwezi huohuo.

Mkaguzi Leonia wa polisi alifika saa nne. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mwenyeji wa Muleba, aliyepangiwa zamu za sikukuu kila mwaka kwa sababu hakuwa na mume wala mtoto wa kulalamika.

"Nani ana ufunguo wa humu?" aliuliza.

Aliyejibu ni Profesa Elisaria, mkuu wa maabara, aliyeteremka mbio kutoka Machame akiwa bado na khanga ya jikoni kiunoni. "Tuko watatu. Mimi, Vedastus na Melkior, mtafiti mwenzake. Na friza ikipata joto humpigia Vedastus simu yenyewe. Safari hii haikupiga. Mtu aliingiza namba ya siri akazima king'ora, na namba hiyo pia tunaijua sisi watatu tu."

"Sikukuu mlikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa kwetu na ukoo mzima, Afande. Melkior alituaga kwamba anakwenda kwao Kilema. Nimempigia, yuko njiani."

Leonia akamgeukia Vedastus. "Hizo seli zilikuwa za nini?"

"Tunatafuta dawa ya malaria kwenye gome la mti wa huku mlimani. Melkior ndiye aliyeigundua. Vijidudu inaua, hilo halina ubishi. Kazi yangu mimi ni kuangalia kama haiumizi ini la mtu."

"Na inaumiza?"

Vedastus alisita. "Nilipopima mara ya kwanza seli zilikufa zote. Sikuridhika na nilivyopima. Leo nilikuwa narudia. Asubuhi ya Krismasi nilikuja kukagua friza, na droo ilikuwa kavu."

Profesa alimvuta Leonia pembeni. "Inaniuma kusema, lakini aliyebaki mjini ni yeye peke yake. Wafadhili wanataka jina kabla jioni haijaingia. Asipopatikana mwingine, itabidi niwape lake, na nikiwapa lake, hakuna maabara itakayomwajiri tena maisha yake yote."

Vedastus alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alisikia kila neno, akaendelea kufuta meza ambayo ilishakuwa safi.

Leonia alitoka kwenda getini kwa Primus, mlinzi.

"Tangu Krismasi aliingia nani?"

"Dokta Vedastus tu, asubuhi ya Krismasi. Akakaa kidogo, akatoka."

"Na mchana wake?"

Primus aliangalia viatu vyake. "Mchana… Afande, nisamehe. Jirani aliniita. Tukanywa mbege kidogo tu."

"Kidogo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka giza likaanza kuingia."

"Loo! Hiyo ndiyo kidogo?" Leonia alimkemea vilivyo, lakini moyoni alishusha pumzi. Geti lilikuwa halina mtu mchana kutwa, kwa hiyo Vedastus hakuwa peke yake tena kwenye orodha.

Melkior aliingia saa sita na begi mgongoni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mvi zimeanza kumtoka kwenye ndevu. Alimkumbatia Vedastus. "Pole sana, ndugu yangu. Pole sana."

"Ulikuwa Kilema tangu lini?" Leonia alimwuliza.

"Tangu tarehe ishirini na tatu, Afande. Si unajua Krismasi yetu? Tumechinja, nimekula fungu langu la kidari mpaka nikachoka. Simu niliizima makusudi mpaka leo asubuhi, nipumzike."

"Vizuri," Leonia alisema, kama mtu aliyeridhika.

Angeweza kumpigia simu mama yake Melkior. Lakini simu humpa mzazi nafasi ya kufikiri, na mzazi akishafikiri atamkinga mwanawe. Kwa hiyo alivaa nguo za kiraia, akaendesha gari mwenyewe mpaka Kilema. Saa tisa alasiri alikuwa amesimama katikati ya migomba, mbele ya nyumba ya Mama Mektrida.

"Shikamoo, mama. Natoka mjini, nimekuja kwa ajili ya Melkior."

"Marahaba, mwanangu! Mae! Kumbe ndiyo maana!" Bibi kizee alimshika mikono yote miwili, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni na furaha tele. "Nilijua tu. Nikawaambia wenzangu, mtoto haachi Krismasi bure bure, ana mtu. Kaa, kaa, machalari ya ndizi na nyama yapo jikoni."

Leonia alifungua mdomo amsahihishe, akashindwa. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu afurahi hivyo kumwona. Akakaa, akala. Aliona aibu kila tonge, na bado akala.

"Kwa hiyo hakuja kabisa, mama?"

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi sijamwona. Watu wake wana maneno. Mara unajenga lini, mara gari liko wapi, umesoma mpaka Ulaya umeleta nini. Mimi simwulizi hayo." Mama Mektrida aliinuka, akashusha kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba kutoka juu ya jiko, kimekauka kwa moshi. "Mpelekee. Kidari hiki. Tangu baba yake atangulie, ni fungu lake, na hapa nyumbani hakuna mwingine wa kuligusa. Mwambie mama ameliweka."

Leonia alipokea kwa mikono miwili. Njiani kurudi machozi yalimlengalenga, akajikaripia kwa Kihaya mpaka yakakatika.

Saa kumi na moja na nusu jioni waliketi wanne ofisini kwa Profesa. Leonia aliweka kile kifurushi mezani. Melkior hakuhitaji kukifungua.

"Umefika kwa mama," alisema.

"Nimefika. Kumdanganya mtu kuhusu Krismasi si kosa la jinai, Melkior. Lakini wewe una ufunguo, una namba ya siri, na umenidanganya mahali ulipokuwa. Sasa niambie ulikuwa wapi."

Melkior alikivuta kile kifurushi karibu yake.

"Njoro. Chumbani kwangu, nimefunga mapazia." Melkior aliongea akitazama meza. "Miaka kumi na moja, Afande, nchi tatu, mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kila mahali niliacha watu nilipoanza tu kuwazoea. Dawa hii ndiyo kitu pekee nilichonacho. Halafu nikaona majibu ya Vedastus kwenye kompyuta. Seli zote zimekufa. Akirudia tu, mradi unafungwa, na mimi ndiyo basi. Nikasema, seli zikiharibika wataagiza nyingine, miezi itapita, wataniongezea mwaka. Nilidhani mtasema ni umeme."

"Na mimi je?" Vedastus alisimama. "Walipokuwa wananitaja mimi, ukanikumbatia!"

Melkior alikisukuma kifurushi pembeni.

"Majibu yale yalikuwa na kosa," Vedastus alisema. "Kosa langu. Nadhani nilitia dawa kali mno kuliko inavyotakiwa. Ndiyo sababu nilitaka kurudia. Pengine dawa yako ni nzima, Melkior! Meza zetu zimepeana mgongo mwaka mzima. Ungegeuka tu ukaniuliza!"

Profesa Elisaria alijishika kichwa. Melkior alimtazama Vedastus kama mtu asiyeelewa lugha, na alipoelewa, midomo yake ikaanza kucheza.

Leonia alimwinua taratibu, akamfunga pingu. Mlangoni Melkior aligoma kutoka.

"Utarudia lini?"

"Seli nyingine zikifika."

"Utanitumia majibu?"

"Wewe ni mtu mbaya sana," Vedastus alisema. Alikuwa analia kwa hasira, hakujificha. "Mbaya sana. Nitakuletea mwenyewe, huko watakakokuweka. Nitakaa nikusomee mstari kwa mstari."

Hapo ndipo Melkior alipovunjika, akalia kwa sauti, na Leonia akasubiri pale mlangoni mpaka akamaliza.