Nilinunua Nyumba Yenye Viatu vya Mwanamke Mlangoni

Nina umri wa miaka hamsini na mbili, nimeachika, na naishi katika chumba cha kupanga hapa Tunduma. Biashara yangu ni vitenge. Ukinikuta sokoni nimekaa nyuma ya meza yangu natania wateja, huwezi kudhani kwamba mimi ndiye niliyemfanya mama yangu mzazi afe akiwa mpangaji. Lakini ndivyo ilivyokuwa, wasomaji wenzangu, na sitaki kumsingizia shetani. Shetani hakuwepo siku ile. Nilikuwepo mimi.

Mimi ni mtoto wa pekee. Baba alifariki nikiwa binti, akamwachia mama nyumba ya matofali ya kuchoma na shamba la kahawa kule Ihanda. Mama alilima, akachuma, akanisomesha kadiri alivyoweza. Baba alizikwa pembeni ya shamba, na kila Jumapili mama akitoka kanisani alipita pale kung'oa majani.

Basi miaka ile simu za mkononi zilipoanza kushika, Tunduma ikachemka. Malori yalijipanga hadi huoni mwisho wake, wageni walimiminika, na kila mwenye kibanda akajiona ana ghorofa. Nyumba uliyotajiwa bei Jumatatu, ukirudi Ijumaa imepanda. Mwenye nyumba wangu naye alipandisha kodi mara mbili katika mwaka mmoja. Nikajisemea, nisiponunua sasa, nitazeekea kwenye chumba cha mtu. Lakini ningenunua kwa fedha gani? Mtaji wa vitenge haununui nyumba.

Nikaanza kumsumbua mama auze Ihanda. Nilimwambia amezeeka, kahawa haina bei, tununue nyumba moja mjini tuishi pamoja, vyumba viwili tupangishe. Kila nikienda nilikuwa na wimbo huo huo. Mwaka mzima alikataa. Mwaka wa pili akanyamaza. Siku moja akasema, "Haya, Anyesi. Nikifa si yatakuwa yako tu. Ila nitauza kwa utaratibu wetu."

Sasa niwaeleze utaratibu huo, maana ndipo kisa changu kilipolala. Kwetu Ihanda, ardhi haiuzwi kimya kimya. Anayeuza huwaita majirani wa pande zote, mjumbe na ndugu waliopo. Watu hutembea mpaka wote kwa miguu, na kila jirani akifika upande wake anasema mbele ya wote, "Hapa ndipo ninapoishia mimi." Kama kuna mwenye neno, hulisema palepale. Halafu wote hukaa uani wakala pamoja, na karatasi huandikwa baada ya chakula.

Mnunuzi alikuwa mwalimu kijana, jina lake Amoni, mpole, ndiyo kwanza ameoa. Jirani mmoja alikuwa safarini, basi mama akasema hauzi mpaka jirani huyo arudi. Tukamsubiri wiki tatu nzima! Mimi roho juu, bei za Tunduma zinakimbia, mama anamsubiri mtu aje kuonyesha mpaka ambao kila mtu anaujua...

Siku ilipofika, nilitembea mpaka ule nimenuna. Tulipofika kwenye kaburi la baba, mama alisimama. Akasema kwamba anauza vyote, lakini kaburi la mume wake na nafasi moja pembeni yake havimo. Mwalimu akaitikia, majirani wakaitikia. Neno hilo hata kwenye karatasi halikuandikwa, lilisemwa tu. Mimi wakati huo nilikuwa natazama saa.

Tulipofika mjini na fedha, nikampata dalali. Watu walimwita Kwacha kwa sababu zamani alikuwa anabadilisha fedha za Zambia mpakani. Kijana wa maneno matamu, akikuita "bamayo" kama Wazambia wanavyomwita mama, unajiona malkia. Akanipeleka mtaa wa Mpemba, kwenye nyumba ya vyumba vinne, bati jipya, saruji sakafuni, uani kuna jiko la nje na bustani ya mboga. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote nilizotajiwa.

Muuzaji alikuwa bwana mmoja mtulivu aliyeitwa Baba Yona. Alisema anauza haraka kwa sababu anahamia ng'ambo kibiashara. Kwacha akanivuta pembeni. "Bamayo, hii usimwambie mtu. Kuna tajiri wa Mbeya anaitafuta. Ukianza kuita majirani na wajumbe, habari zitamfikia kabla ya saa sita, na bei itakuwa nyingine." Nikamwelewa haraka sana. Mtu akikuambia unachotaka kusikia, masikio huwa hayana nta.

Nilimleta mama aione kabla ya kulipa. Alizunguka polepole, akagusa kuta, akaisifu bustani. Mboga zilikuwa zimepaliliwa vizuri, matuta yamenyooka. Alipofika mlango wa jiko akasimama. Palikuwa na viatu vya plastiki, yeboyebo za kijani, za mwanamke, zimepangwa pamoja kama mtu amezivua jana. Ndani ya jiko, kwenye msumari, ilitundikwa kanga.

Mama akamgeukia Baba Yona. "Baba, mwenye viatu hivi yuko wapi?"

Baba Yona alifungua mdomo. Nilimwona jasho kwenye paji la uso... Na mimi, mtoto wa pekee wa mama yule, nikamjibia.

Nilisema, "Mama, vitakuwa vya mpangaji aliyehama."

Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilitunga palepale. Niliogopa jibu lake litatuharibia nyumba. Wasomaji wenzangu, mtu anaitwa Baba Yona, ana bustani iliyopaliliwa na viatu vya mwanamke mlangoni, na wewe unataka kuamini kwamba hakuna Mama Yona? Nilijua. Labda sikujua lolote kwa hakika, lakini nilijua kwamba sitaki kujua. Baba Yona akanitazama kwa shukrani, na mama akaniamini kwa sababu mimi ni mwanawe. Akauliza tu, majirani wataitwa lini? Nikamwambia mjini hawana mambo hayo.

Tulilipa. Mashahidi walikuwa wawili, Kwacha na rafiki yake. Kesho yake Baba Yona akatupatia funguo na kuondoka, na keshokutwa yake tukahamia. Jirani mmoja mama wa makamo alituchungulia juu ya ua, akasalimia, akaonekana anataka kusema kitu. Nikajifanya nina kazi.

Tulikaa wiki moja na siku mbili. Nazikumbuka kwa sababu zilikuwa siku nzuri. Mama alikuwa anaamka anamwagilia bustani, mimi naenda sokoni nikiwa mwenye nyumba, hata mwendo ulibadilika. Wenzangu sokoni walinitania kwamba sasa natembea kama naikanyaga hati yangu.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, mwanamke akafungua geti bila kubisha hodi. Kichwani alikuwa na mfuko wa maharage, miguuni vumbi la safari. Alikuwa anatoka Ileje, kwao milimani, ambako alikuwa anamuuguza mama yake kwa karibu mwezi mmoja. Alitutazama, akatazama mikeka yetu uani. Kisha, kabla ya kuuliza lolote, akaenda mlango wa jiko na kuangalia chini, akitafuta viatu vyake.

Mama yangu aliingia ndani, akatoka navyo. Alikuwa amevisafisha na kuvihifadhi rafuni. Akavishika kwa mikono miwili akampa yule mama. Halafu akageuka akanitazama mimi. Wanawake hao wawili walielewana kabla mimi sijafungua mdomo, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mama Yona hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye kizingiti cha jiko lake, akauliza taratibu, "Mliinunua kwa nani nyumba yangu?" Alisema matofali yale alifyatua yeye, udongo aliuchota yeye na mimba ya Yona tumboni. Akasema, "Mngeuliza hata kwa jirani. Jirani angewaambia niko Ileje."

Jirani alikuwepo hatua kumi kutoka kwetu, na nilimkwepa.

Kesi ilifika kwenye baraza la ardhi. Nilibeba karatasi yangu kama ngao. Lakini tuliambiwa wazi kwamba nyumba ya mke na mume haiuzwi na mume peke yake, mke lazima aridhie. Majirani wote walimsimamia Mama Yona. Mashahidi wangu wawili hawakuonekana, simu ya Kwacha haikupatikana tena, na Baba Yona alikuwa ameshavuka mpaka na fedha zetu zote. Nikaambiwa nimtafute yeye anirudishie. Nimtafute wapi? Nchi ya watu ni kubwa.

Tukatoka kwenye nyumba ile na mikeka yetu. Mama Yona alitupa mboga za bustani tukapike. Mpaka leo sijui kama ulikuwa wema au adhabu.

Mngedhani nimejifunza. La, ndipo nilipotenda baya zaidi.

Nikiwa na uchungu, nikawaza, kama nyumba ya Mpemba imerudi kwa mwenyewe, kwa nini ya Ihanda isirudi? Mimi ndiye mrithi wa baba. Nikaenda kwa wazee wa Ihanda nikadai kwamba sikuridhia mama auze, kwamba Mwalimu Amoni alimlaghai mwanamke mzee. Nilitaka kumfanyia kijana wa watu vilevile nilivyofanyiwa, kwa uongo ambao kijiji kizima kilijua ni uongo. Mwalimu wakati huo alikuwa ameshapaka nyumba rangi, mkewe yuko karibu kujifungua.

Wazee walimwita mama aseme. Nilikuwa nimembembeleza njia nzima anyamaze tu, nitasema mimi. Mama akasimama. Alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani.

"Ardhi hii niliuza mwenyewe, kwa mdomo wangu, na majirani wamesimama," alisema. "Anyesi alikuwepo, ugali alikula. Aliyetula sisi si huyu mwalimu. Sasa kwa nini nimle yeye?"

Akakaa. Shauri likaishia hapo. Wakati tunatoka, mwalimu alimsaidia mama kushuka ngazi za ofisi ya kijiji, mimi hakunitazama.

Tukarudi Tunduma kupanga. Chumba kimoja, mimi na mama yangu. Yeye aliyezoea kufungua mlango na kuona kahawa yake, sasa anafungua anaona ukuta wa jirani. Alipanda miche miwili ya kahawa kwenye makopo ya mafuta, akaiweka dirishani. Mwenye nyumba akasema makopo yanachafua ukuta, akaiondoa. Mama hakulalamika. Kama angenitukana hata siku moja ningepona. Aliniita mwanangu kama siku zote, akanipikia, akaniombea, na hakuwahi kutaja vile viatu.

Mwaka wa pili akaanza kuugua. Alilala chini wiki nne. Siku moja mchana aliomba maji, nikamnywesha, akashika mkono wangu akasema amechoka. Nilipoenda kurudisha kikombe na kurudi, alikuwa ameshaondoka.

Nililia mpaka wapangaji wenzangu wakaja. Mwenye nyumba naye alikuja. Akanipa pole, kisha akauliza kwa adabu kabisa, msiba utakuwa wapi, kwa sababu uani hapatoshi na wapangaji wengine hawatapenda. Msiba wapi! Mama yangu aliyekuwa na shamba, nyumba na uwanja wa kukaa watu mia, hana mahali pa kulazwa.

Sikuwa na namna. Nikampigia Mwalimu Amoni, mtu niliyetaka kumnyang'anya nyumba. Nilisema tu, "Mwalimu, mama..." Akasema, "Mleteni, dada. Nafasi yake ipo."

Tulimpeleka Ihanda. Mwalimu alikuwa ametoa vitu vyake sebuleni, mama akalazwa kwenye nyumba aliyoijenga na baba. Majirani walewale wakaja. Walipofika kwenye kaburi la baba, hakuna aliyepima wala kuuliza karatasi. Yule mzee tuliyemsubiri wiki tatu, ambaye nilimnung'unikia kwa kutuchelewesha, ndiye aliyeonyesha kwa fimbo yake. "Alisema hapa. Wote tulisikia."

Nilipiga magoti pale nikaelewa. Katika mali zote za mama yangu, kilichobaki ni kile alichokisema mbele ya majirani. Nilichonunua mimi kwa siri, hata ukucha wake haukubaki.

Wenzangu mnaotafuta nyumba wakati huu ambapo kila kitu kinapanda, nawasihi. Dalali akikuambia usiwaite majirani, hao hao ndio uwaite kwanza. Ukiharakishwa, kaa chini. Muulize mke, waulize watoto, muulize mjumbe, tembea mpaka kwa miguu yako hata kama jua ni kali na jirani yuko safarini. Na wewe unayeuza, uza mchana, watu wakuone, ili siku moja usije ukamdai mtu usichostahili au ukadaiwa usichokuwa nacho. Bei ikikuponyoka, kuna nyumba nyingine. Mama hakuna mwingine.

Na ukikuta viatu mlangoni, uliza ni vya nani. Kisha nyamaza, umwache mwenye nyumba ajibu mwenyewe.