Mlango wa Buluu wa Njia ya Bambu

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka Augustin alipotoka kwake, mtaa wa Rwambuzi mjini Bunia, na nyundo, turnevis ya kufungulia skrubu na pensi ya kukatia waya ndani ya mfuko, kwenda kutafuta mlango wa gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe, kuukuu, ambayo kabla ya vita ilibeba samaki wakavu kutoka Tchomia, kando ya ziwa, hadi Bunia. Alikuwa akiitengeneza mwenyewe tangu siku aliyoipata. Alichomelea vyuma vya kufungia turubai, akaongeza majani ya springi nyuma ili ihimili mizigo, na kiti cha abiria kilipochanika alikisuka upya kwa vipande vya mipira ya ndani ya magurudumu, kama mtu anavyosuka kitanda cha kamba. Mke wake Lydie alizoea kumtania, "Kama hii gari ingekuwa mwanamuke, mi ningeshafukuzwa zamani."

Vita vilipoingia mjini mwezi wa tano, bwate ya vitesi, yaani gia zote za pikapu ile, ilikuwa chini kwenye mkeka uani, imefunguliwa vipande vipande. Augustin alikuwa bado hajaifunga. Risasi hazikumngoja. Ikapita pikapu nyingine, nyeupe pia, ya mtu wasiyemjua, imejaa watu wanaokimbilia Tchomia, na nafasi ilibaki moja tu, nyuma, juu ya mafurushi. Akamnyanyua Lydie akamkalisha pale.

"Nikifunga hii bwate, nitakufata," alimwambia.

Lydie hakufika Tchomia. Wala gari lile halikufika. Kila aliyerudi kutoka ziwani Augustin alimsimamisha na kumuuliza, na kila mmoja alitikisa kichwa na kuangalia pembeni.

Risasi zilipopungua, watu wakaanza kutoka porini, na Augustin akarudi kwake. Waporaji walikuwa wamechukua betri, magurudumu na mlango wa upande wa abiria. Lakini bwate aliyoifukia kwenye shamba la viazi kabla ya kukimbia ilikuwapo. Akaanza kuunganisha upya. Hakuwa anatengeneza gari la biashara tena. Alikuwa anatengeneza gari la kwenda kumtafuta mke wake.

Mwishoni ulibaki mlango tu. Étienne, kaka wa Lydie, ndiye aliyemwambia kwamba kwenye njia ya kwenda Bambu, si mbali na mji, kuna pikapu ya aina ileile iliyopinduka ndani ya matope. Jioni ile walikwenda pamoja.

Waliikuta imelala ubavu kando ya kidaraja, upande wa dereva umezama kwenye maji na matope ya mto, mlango wa abiria umeelekea mbinguni. Ulikuwa wa rangi ya buluu, mzima, una matundu mawili tu ya risasi. Pembeni palikuwa na udongo uliochimbwa na kurudishwa. Wanakijiji walikuwa wamewatoa waliokuwamo kupitia kioo cha mbele na kuwazika hapo.

"Shemeki, batu balikufia humu ndani," Étienne alinong'ona.

"Najua."

"Basi sema nabo kwanza. Ubaombe ruhusa."

Augustin hakuomba. Mwanga ulikuwa unaisha, na barabara ile haikuwa ya kukaa usiku. Akapanda juu ya gari, akaanza kufungua skrubu za bawaba. Zilikuwa na kutu, zikalia moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ya mwisho, akasikia...

Ko. Ko.

Kutoka ndani. Kama mtu anayegonga kwa kifundo cha kidole, kwa adabu.

Alimwangalia Étienne. Étienne alikuwa ameshafika barabarani. Augustin alimalizia skrubu ile, akaushusha mlango.

Kesho yake Augustin aliutundika mlango kwenye pikapu yake. Ulikaa vizuri kama uliozaliwa pale, ila haukufunguka kutoka ndani. Kwa nje unafunguka. Kwa ndani, ukivuta mshikio, unavuta hewa. Alijiambia atautazama baadaye. Kwa sasa alitaka kuizungusha gari mtaani kabla ya giza, asikie kama bwate inalia.

Aliwasha. Ikakubali. Akaingiza gia ya kwanza, akatoka taratibu kwenye lango.

Hakuwa amefika mbali aliposikia harufu. Matope ya mtoni. Na ndani ya matope, sabuni ya kufulia.

Kisha kiti cha pembeni kikalia.

Ile mipira aliyoisuka kwa mikono yake aliijua sauti yake. Ilikuwa ikilia hivyo mtu anapoketi. Aligeuza macho polepole. Kitini hapakuwa na mtu. Lakini mipira ilikuwa imebonyea katikati, imebonyea kweli, na haikurudi juu.

Mtu mwingine angeruka nje. Augustin alibana usukani, machozi yakamjaa machoni, moyo ukamruka kwa kitu kilichofanana zaidi na furaha.

"Lydie," alisema.

Injini tu.

"Lydie, ni weye? Sema tu. Mi siogope."

Kukatoka pumzi ndefu, yenye maji ndani yake, kama ya mtu aliyeamshwa na kikohozi cha kifua. Kisha sauti. Ndogo, ya mwanamke kijana.

"Hapana, papa. Mi ni Priscille."

Gari likazimika lenyewe. Au mguu wake ndio uliteleza. Baadaye hakuweza kusema. Alikaa pale katikati ya barabara ya Rwambuzi, jioni inaingia buluu, akalia mbele ya mtu asiyemwona. Sauti ile ilimwacha alie. Alipomaliza, ikasema, taratibu, kama mtoto anayeogopa kusumbua:

"Unirudishe kwa mama. Ni ku Saio, humu mujini."

"Njia unaijua?"

"Weye enda tu. Nitakuonyesha."

Akawasha. Watu wachache waliokuwa barabarani waliona pikapu nyeupe yenye mlango wa buluu ikipita na dereva mmoja. Lakini kila penye njia panda kidole kiligonga ubati wa mlango. Ko, kata. Ko ko, endelea. Kioo cha upande wake kilikuwa kimefungwa, na juu yake ulianza kutanda ukungu, kidogo kidogo, kutoka ndani.

Walisimama mbele ya nyumba ya udongo yenye paa la mabati yaliyotobolewa. Kabla Augustin hajapiga honi, mama mmoja mzee alitoka, kitenge mabegani. Hakumwangalia yeye. Aliangalia mlango. Akauendea, akapitisha kiganja chake juu ya rangi ya buluu, akafika kwenye tundu la risasi, akasimama.

"Hii ni mulango ya gari ya Yves," alisema. "Yves, mukwe wangu. Aliendaka nayo ku Bambu pamoja na mutoto wangu. Babo bote balizikwa kule. Mi sikuonyeshwa kitu."

Huyo aliitwa Mama Suzanne, mama yake Priscille. Augustin alishuka garini, akaja kusimama kando yake. Alisema tu, "Mama, nimekuletea yeye."

Mama Suzanne alishika mshikio wa nje, akafungua. Harufu ya matope ikatoka ikawazunguka wote wawili. Mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini kiti kilibaki kimebonyea.

"Priscille," mama aliita kwa kunong'ona. "Shuka. Tumefika."

Mlango ukajirudisha na kujifunga.

Ko ko ko ko.

Safari hii si kidole. Viganja. Kisha kucha. Ubati ukalia kwa ndani, na mshikio wa ndani ukaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, bila kuvuta kitu. Mama Suzanne aliziba mdomo wake kwa kitenge. Aliufungua tena kwa nje, ukajifunga tena. Yule aliyekuwa ndani hakutaka kufunguliwa. Au hakuona kwamba umefunguliwa. Bado alikuwa majini, anavuta.

Ndipo Augustin alipoelewa: lazima aufungue mwenyewe, kwa ndani. Alizunguka, akaingia kwa upande wake, akapiga magoti kando ya kile kiti kilichobonyea. Baridi iliyotoka hapo ilimwingia mpaka kwenye meno.

"Mwanangu," alisema, "nipishe kidogo. Nione."

Mshikio ukatulia.

Alibandua ubao wa ndani wa mlango. Kitambaa chake kilikuwa kimechanwa mistari mitano, kutoka juu kwenda chini, mara nyingi. Ndani, kwenye giza, aliingiza mkono, akapapasa. Alikigusa: kile kichuma chembamba kinachounganisha mshikio na kitasa. Kilikuwa kimechomoka kwenye tundu lake. Kibano chake cha kukishikilia, kitu kidogo kuliko ukucha, kilikuwa kimeanguka. Huenda kilianguka siku ya risasi, huenda kilikuwa kimeanguka kitambo, na Yves alikuwa akijiambia kwamba atakitazama baadaye.

Augustin alikata kipande cha waya kwa pensi. Waya ukamtoboa kidole. Akarudisha kichuma kwenye tundu, akakizungushia waya, akaukaza, akaukunja ncha.

"Tayari," alisema. Na kabla hajajizuia, akauliza lile alilokuwa akilibeba tangu walipotoka Rwambuzi. "Mwanangu, huko uliko... ulimuonaka muke wangu? Lydie. Aliendaka na pikapu nyeupe, njia ya Tchomia."

Kitini ikatoka tena pumzi ile yenye maji.

"Papa, bako wengi mu barabara," ile sauti ilisema. "Kila mutu anangoya. Batu habaulizane majina."

Kisha mshikio ukapanda, mara moja, polepole.

Tak.

Mlango ukafunguka kutoka ndani.

Mipira ya kiti ikalia na kurudi juu. Mama Suzanne alinyoosha mkono kwenye hewa, vidole vyake vikakunjika kama vimeshika vidole vingine. Akageuka, akatembea kuelekea nyumbani kwake, polepole, kwa hatua za mtu anayemwongoza mgonjwa. Kwenye vumbi nyuma yake kulibaki nyayo mbili mbili: zake, kavu, na nyingine, mbichi, za miguu mitupu. Mlango wa nyumba ukafungwa. Augustin alimsikia mama akizungumza ndani, akimuuliza mwanawe kama ana njaa.

Asubuhi Mama Suzanne alimtuma mtu kuomba ule mlango. Alitaka kitu cha kuzika. Augustin aliung'oa mwenyewe, akaubeba mwenyewe hadi Saio, akashika koleo pamoja na majirani.

Étienne alimkuta uani anaangalia upande ule wa pikapu uliokuwa tupu. "Tutapata mwingine," alimwambia.

"Hapana. Ibaki wazi."

"Mutu ataanguka."

"Étienne, dada yako alikaa nyuma. Hapakuwa na mulango uliomufunga. Hakuna chuma ninachoweza kukwenda kukifungua nimukute." Akafuta mikono kwenye suruali. "Nitaacha wazi. Akitaka kupanda, apande."

Ndivyo alivyoondoka kwenda njia ya Tchomia, peke yake, kiti cha pembeni kikiwa wazi kwa upepo. Mchana kutwa alikwenda taratibu. Alisimama kwenye kila gari lililoungua, kila shimo, kila mahali penye nguo kwenye majani. Pikapu ile nyeupe ya mgeni hakuiona. Jua lilipoinama juu ya ziwa, aligeuza, akaanza kurudi.

Katikati ya mlima, mipira ya kiti ikalia.

Kiti kikabonyea.

Hakugeuza kichwa. Aliogopa kwamba akigeuka, atamkimbiza. Alipunguza mwendo ili barabara isimtikise, akaanza kusema. Alimweleza Lydie yote: namna bwate ilivyokaa chini ya viazi bila kuingiwa maji, namna sufuria zake zilivyoibwa lakini kinu kikabaki, namna alivyolala kila siku upande wake yeye wa kitanda na kuuacha ule mwingine. Alimwomba msamaha kwa sababu ya ile bwate. Alisema, "Ningekubeba mugongoni. Mbona sikukubeba mugongoni?" Yule wa pembeni alisikiliza mpaka mwisho.

Waliingia Bunia giza linashika. Alisimama mbele ya lango lake Rwambuzi, akazima injini.

"Tumefika, mama," alisema. "Shuka."

Kiti hakikuinuka. Kukawa na kikohozi kidogo, kikavu, cha mzee. Kisha sauti ya mwanamume, ya mtu mzima, iliyojaa aibu.

"Samahani, mwanangu. Mi sipendi kukukata maneno." Ikakohoa tena. "Lakini hapa siyo kwetu. Kwetu ni mbele kule."

Augustin aliangalia lango lake kwa muda. Kisha akawasha gari, akaingiza gia ya kwanza, akamuuliza mzee ni upande gani.