Mkono wa Garejini

Amezinoa! Wee, amezinoa zote! Patasi zote za dada yangu, kuanzia lile pande la kuchimbia bakuli mpaka kale kadogo ka kumalizia, zinang'aa kama vijiko vya harusi, halafu kazipanga mezani na kuweka ua juu. Ua! Hasira zilinipanda mimi niliyekuwa nachungulia tu, sembuse mwenyewe!

Ngoja, nianze mwanzo, usije ukadhani huyu kaka ni mtu mbaya. Si mbaya. Hana macho tu.

Walikutana yadi ya mbao, Jumamosi, misumeno inalia, watu wanapigana vikumbo, vumbi mpaka kwenye kope. Dada ni mpiga eksirei hospitali, alitoka kazini moja kwa moja, na viatu vyake vyeupe na lile gauni la manjano lenye mikono mipana. Akaona gogo la mparachichi limetupwa kwenye kuni. Akalishika. Upande wa pili nao ukashikwa.

"Samahani dada, hili nimeliona mimi kwanza."

"Wewe umeliona. Mimi nimelishika."

"Na mimi nimelishika."

"Haya, vuta."

Akavuta. Dada akaachia. Kaka wa watu akakaa chini kwenye maranda, na shati lake la mikunjo ya pasi, kalikumbatia gogo kama mtoto mchanga. Yadi nzima ikacheka.

"Unaenda kulifanya nini?" Dada akamuuliza, huku naye anacheka.

"Bakuli. Nina mashine ya kukereza nyumbani. Kazi yangu ni ufundi wa lifti, ila jioni nakereza."

Hajawahi kukutana na mwendawazimu mwenzake. Garejini kwetu gari halijaingia siku nyingi, imejaa mashine yake na magogo, mbao inazunguka, yeye anaichonga mpaka inatoka bakuli, na Mama analalamika vumbi limefika kwenye mapazia.

Wakalikata gogo katikati.

"Nusu yako, nusu yangu," yule kaka akasema. "Ila nipe namba, nijue nusu yangu nyingine inaendeleaje."

Basi hapo ndipo Lifti (hilo jina nimempa mimi) alipoanza kupanda na kushuka kwetu. Simu kila jioni.

"Gogo langu halijambo?"

"Limechongwa, linakauka. Limekuulizia."

"Liambie naja Jumapili, na mwenye nalo avae lile la manjano."

"Mwenye nalo atavaa aproni ya ngozi, na utampenda hivyo hivyo!"

Na bakuli bichi hukauka polepole. Dada alilichonga nene kwanza, akalifukia kwenye boksi la maranda lisipasuke, likae miezi, ndipo alimalizie. Jumapili zote hizo Lifti alikaa kwenye kigoda pale garejini, simu mkononi: "Kipenzi, ona huyu kwenye video anavyokata! Ona na huyu!" Dada anakereza, anacheka ndani ya kinga ya uso.

Sasa juzi Dada yuko zamu, Lifti akamwendea Mama. "Mama, nifungulie garejini, nataka nimfurahishe." Mama anampenda kupita anavyotupenda sisi. "Pita, baba, pita!" Na juisi akampelekea.

Jioni Dada akarudi, akaona ua, akatabasamu peke yake. Akafunga aproni, akatoa bakuli lake kwenye boksi, limekauka vizuri, halina hata ufa. Akalifunga kwenye mashine. Patasi ikagusa mbao, ikang'ata, paa! Bakuli likaruka, likapiga mlango, likapasuka vipande viwili. Bila ile kinga ya uso tungekuwa tunaongea mengine.

Hakuokota bakuli. Aliinua patasi kwenye taa, akaitazama ncha yake kwa muda. Kisha akashika simu.

"Umeona zawadi yangu, kipenzi?" Lifti huyo, sauti tamu.

"Nani alikutuma?"

"Eh?"

"Nani alikutuma kushika patasi zangu?"

"Mpenzi, makali yalikuwa yamelala upande kama mtu aliyelewa! Nimezinyoosha zote, hata kwenye video wanasema..."

"Mimi ni mashoto."

"Mashoto? Mbona unaandika kulia?"

"Nilichapwa nikaandika kulia! Nilichapwa nikala kulia! Garejini kwangu hakuna wa kunichapa. Zile patasi nimezinoa mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka zikaukubali mkono wangu. Na wewe umekaa kwenye kile kigoda kila Jumapili. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe..."

"Ulikuwa unatazama simu. Usije tena hapa."

Mama akaingilia: "Jamani, mtu kanoa tu vyuma!"

"Mama, akija mgeni wa garejini, mwenye gareji ni mimi." Akabamiza mlango. Mama akanuna, mpaka chai akawa anakunywa kaupa mlango mgongo.

Lifti akanipigia mimi. "Shemeji, nimnunulie patasi mpya?"

"Ukithubutu, nitakutia nazo alama mimi mwenyewe."

Sasa leo, amekuja! Shati halijapigwa pasi, vidole vimefungwa plasta. Dada kasimama mlangoni garejini na kilemba chake chenye vumbi, salamu hakuitika. Lifti akatoa kitu mfukoni.

"Hiki nini?"

"Kikombe cha kuwekea yai."

"Yai la mnyama gani?"

"Nimekikereza kwa mkono wa kushoto, kwa nusu yangu ya gogo. Kila patasi yangu niliyoshika ilinikataa, inanisukuma, inaning'ata." Akainamisha kichwa. "Nikajua nilichokufanyia."

Mdomo wa Dada ukacheza. Kicheko kilikuja, akakimeza.

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Kaa pale. Simu mpe mdogo wangu. Na mdomo ufunge."

Akawasha jiwe la kunolea. Cheche, maji, cheche. Lifti kajikunja kwenye kigoda, hapepesi macho. Dada akazima ghafla.

"Umeona nini?"

"Unabana pumzi kabla chuma hakijagusa jiwe. Na mkono wa kulia umeshikilia tu kama mgeni. Wa kushoto ndio mwenye nyumba."

Dada ambaye hakulia hata bakuli lilipopasuka, akageukia ukutani. Eti vumbi.

"Itachukua muda zirudi zilivyokuwa," akasema. "Na kila nikizinoa nitakasirika upya."

"Nikasirikie nikiwa hapa. Mpaka tuzeeke. Nataka nikuoe."

Akanyoosha mkono. Wa kulia! Dada akaupiga kofi.

"Bado tu hujaelewa?"

Akaubadilisha haraka, akatoa wa kushoto, plasta na yote. Dada akaushika kwa wake wa kushoto.

"Sawa, nimekubali. Ila ukigusa tena patasi zangu bila kuniuliza, nitakukereza wewe."

Na Mama alikuwa dirishani muda wote! Alichosema hapo, na alichomrushia Lifti, nitakwambia kesho nikishapata chai, maana Mama anakuja huku kakunja uso, na simu ya Lifti bado ninayo mimi na inaita.