Gauni Lisilo na Pa Kupitisha Kichwa

Mshono ulikuwa umenyooka kuliko siku zote, ila gauni halikuwa na pa kupitisha kichwa. Shingo imeshonwa ikafungwa, mikono nayo vilevile. Mteja aliangua kicheko akidhani ni mzaha. Fundi cherehani hakucheka. Hakukumbuka kabisa kulishona.

Tena kucheka kulikuwa kumeshamponza. Wiki moja nyuma binti yake wa miezi kumi alimpiga mashavuni kwa viganja, mama akacheka, magoti yakalegea, akaanguka naye huku akisikia kila kitu. Mtoto alivimba paji la uso.

Mama mkwe, aliyeishi nyumba ya pili, hakumung'unya maneno. "Mwanangu, hilo ni jini. Hiyo cherehani iliyokwisha kutumika uliinunua kwa nani? Ukianguka na mjukuu wangu tena, namchukua."

Jini lenyewe halikungoja usiku. Saa saba mchana, jua likiwaka, usingizi ulimwangukia fundi kama gunia, na mara nyingine alifumbua macho asiweze kusogeza hata kidole, akanusa mafuta ya cherehani, akasikia kanyagio likienda taratibu, akamwona mtu ameketi kwenye kiti chake, amempa mgongo, utepe wake wa kupimia shingoni, anashona, anashona, na yeye anataka kupiga kelele lakini ulimi umelala.

Mganga aliitwa. Akafukiza chini ya cherehani, akaliamuru jini litoke, na fundi akasinzia katikati ya amri. Mganga aliondoka amenuna.

Mwishowe akaenda hospitali.

"Ndani ya ubongo," daktari alisema, "kuna chembe chache zinazotoa kemikali ya kukuweka macho. Zako karibu zote zimekufa. Ndiyo maana usingizi unaingia wakati wowote. Ndoto zinaanza macho yakiwa wazi, mwili ukiwa umelegea, na hata kicheko kinaweza kukuangusha. Hata mikono inaweza kuendelea na kazi wewe umelala."

"Nani kaziua, daktari?"

"Inaelekea ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Ilikosea."

Fundi akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako. Zitarudi?"

"Hapana. Dawa itapunguza tu."

Akameza dawa. Akajifunza kununa. Mtoto akicheka, yeye aliuma mashavu kwa ndani na kutazama ukuta, na moyo ulimuuma mno, mpaka mtoto akawa anacheka huku akimchungulia usoni, kisha ananyamaza.

Siku moja akazinduka saa nane. Cherehani ilikuwa bado ya moto. Chini ya sindano palikuwa na kigauni cha kitambaa cha maua, kimekatwa kwa kipimo cha mwanawe. Shingo imefungwa. Mtoto alikuwa ameketi miguuni pake, karibu na mkasi, anachezea mabaki ya kitambaa.

Hakungoja kunyang'anywa. Alimbeba mwenyewe hadi nyumba ya pili.

"Mchukue, mama."

Mama mkwe alimpokea. Mtoto akageuka, akanyoosha mikono, akampiga mama yake mashavuni kwa viganja, akacheka. Na yeye, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa, kicheko kilimtoka kabla hajajizuia.

Alianguka kizingitini. Alisikia kicheko cha mwanawe kikigeuka kilio, kikiita, kikipelekwa chumba cha ndani. Hakuweza kuinua hata kidole.