Kipimo cha Kukaa Chini

Vazitembezi lilimpandisha Mzee Mhoja ngazi kumi na mbili bila kutweta. Lilikuwa vazi la nyuzi laini za chuma, limemkaa kuanzia kiunoni hadi vidoleni. Lilizidaka amri za ubongo kabla hazijapotea, likaisogeza lenyewe miguu iliyolemazwa na kiharusi. Mwaka huo wa 2071, Tabora nzima, watu waliingia kliniki wamebebwa na wakatoka wanatembea.

"Amefaulu vipimo vyote sita," ilisema sauti ya ukutani. Huyo ndiye Msajili, mashine ambayo Baraza la Tiba ya Viungo liliifunga katika kila kliniki. "Mtaalamu Kalunde, nithibitishe kuwa amepona?"

Kalunde alikuwa hoi. Tangu asubuhi alishasema ndiyo mara kumi na tisa. Vipimo hivyo alivitunga yeye na wenzake, katika ukumbi wenye viti vizuri, na kwa miaka mingi alijivunia. Anayethibitishwa haji tena, na mazoezi ya pamoja ya kila Alhamisi, ya kushikana mikono na kutaniana, yalikuwa yamebakiwa na mzee huyu peke yake. Kalunde akisema ndiyo, chumba cha mazoezi kinafungwa.

"Usikubali, mwanangu," alisema Mzee Mhoja.

"Mzee wangu, mbona unatembea kunishinda mimi!"

"Kutembea natembea. Juzi juzi tumemzika dada yangu. Watu wote wamekaa chini kwenye mikeka, mimi nimesimama katikati yao kama nguzo ya umeme. Hili lidude lako halijui kukaa chini. Wakaniletea kiti. Basi siku tatu namlilia dada yangu nikiwa juu ya vichwa vya watu, utadhani mgeni rasmi."

Kalunde alitaka kucheka, akashindwa. Kukaa chini na kuinuka! Jambo ambalo kila mtu mjini hulifanya kutwa mara kumi, na mle ukumbini hakuna hata mmoja wao aliyelikumbuka. Aliona aibu. Alijua pia watakalosema Barazani: huyu anatetea kibarua chake.

Akamvua lile vazi, akatandika mkeka, akampa bega. Wakashuka polepole, goti kwanza, kisha kiganja, kisha nyonga, mzee akitetemeka na kumtaja Mungu, mpaka wote wawili wakakaa. Mzee akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga.

"Haya, sasa tuinuke," alisema Kalunde.

Magoti yake, yaliyoinua wagonjwa kwa miaka ishirini na mbili, yakagoma. Akajaribu tena. Yakagoma.

"Nithibitishe?" aliuliza Msajili.

"Hapana. Andika hajapona. Na uwaambie Baraza waje wenyewe, tuwafundishe kipimo cha saba hapa hapa chini." Akayasugua magoti yake. "Halafu sajili mgonjwa mwingine wa Alhamisi. Kalunde Sizya, miaka hamsini na mmoja."