Tiki Iliyotangulia Kazi

Kila asubuhi, kabla shughuli hazijachangamka kwenye mwalo wa Nkome, pale wavuvi wanapoegesha boti kando ya ziwa, Zakia alikuwa ameshafagia uwanja, amebandika chai na kumwamsha mdogo wake Abdulshakur, ambaye hakuamka mpaka avutwe miguu. Baba yao, Mzee Abdulhalim, alikuwa fundi wa injini za boti na aliondoka mapema na boksi lake la spana. Mama yao alikausha dagaa. Vichanja vyake vya nyavu vilijaa nyuma ya nyumba, na harufu ya dagaa walikuwa wameizoea kiasi kwamba hawakuisikia tena.

Wiki ile utaratibu ulivurugika. Bibi alipata nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa jicho hospitalini Geita, na ilibidi mama aende kumwuguza. Vichanja vilikuwa vimejaa pomoni, na mfanyabiashara mmoja wa Runzewe alikuwa ameahidi kuja na gari Jumatatu kuchukua dagaa wote.

"Sasa nani atawaangalia dagaa wangu?" mama aliuliza wakati wa chakula.

"Mimi, mama," Zakia akadakia. Alikuwa darasa la sita na aliamini hakuna kazi ya mle nyumbani asiyoiweza.

Ritha, binti wa jirani aliyekuwa likizo kutoka chuoni alikosomea kompyuta, alikuwa akila nao; akatabasamu. "Peke yako hutaweza, mdogo wangu. Hebu leteni simu zenu."

Akaweka programu ya kupanga kazi kwenye simu ya mama, ya baba, na ile simu ya zamani ya nyumbani. Wakaandika humo kazi zote: kuanika, kugeuza, kuokota takataka, kufunika kwa turubai. Kila kazi ikapewa mwenyewe. Ritha akawaeleza kwamba mtu akimaliza kazi yake anaweka tiki, na wenzake wote wanaiona papo hapo.

"Hata mimi nikiwa Geita?" mama akauliza.

"Hata wewe, Mama Zakia. Ukiona tiki, ujue kazi imefanyika."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Zakia akigeuza dagaa, anaweka tiki, na muda si mrefu sauti ya mama inaingia kwenye simu: "Ahsante, mwanangu. Bibi anakusalimu." Sifa zile zilimkolea. Akaanza kuzihamishia kwake kazi za mdogo wake, moja baada ya nyingine, ili tiki nyingi ziwe zake.

"Dada, mimi umeniachia kufukuza kuku tu," Abdulshakur akalalamika.

"Hiyo nayo ni kazi," Zakia akamjibu.

Jumamosi kulikuwa na mechi ya netiboli kati ya mtaa wao na mtaa wa jirani, na Zakia ndiye aliyetegemewa kufunga magoli. Lakini kwenye orodha, chini ya jina lake, ilibaki kazi moja: kufunika dagaa mchana, maana ulikuwa msimu wa mvua. Akatoka nje akatazama juu. Jua lilikuwa kali, na dagaa walizidi kukauka vizuri. Kuwafunika sasa aliona ni kuwanyima jua. Nitafunika nikirudi, akajisemea. Tatizo lilikuwa moja tu: baba akiona hakuna tiki, angepiga simu kumwita katikati ya mchezo. Kwa hiyo akaiweka tiki, akatia simu kwenye mfuko wake na kukimbilia uwanjani.

Mchezo ulinoga. Zakia alikuwa ameshafunga mara kadhaa pale upepo wa baridi ulipompiga usoni. Akageuka kuelekea ziwani. Wingu zito lilikuwa limetanda juu ya maji na lilikuwa likija kwa kasi.

Siku nyingine, akiliona wingu kama lile, baba angeacha spana chini na kukimbia nyumbani. Leo hatakimbia. Ameiona tiki. Mama naye huko Geita ameiona. Wote wametulia kwa sababu yake, na dagaa wako wazi. Wakilowa wataoza, na mwisho wao utakuwa chakula cha kuku.

Angeweza kuondoka kimyakimya na kujaribu kufunika peke yake. Lakini turubai lile lilimshinda uzito hata siku isiyo na upepo. Akatoa simu. Akaiondoa tiki, na mahali pake akaandika: "Sijafunika. Nilidanganya. Mvua inakuja, naomba msaada."

"Zakia, cheza mpira," akaita Scolastika, nahodha wao.

"Dagaa wa mama wataloa," Zakia akasema huku machozi yakimlenga. "Mimi ndiye niliyewaacha wazi."

Scolastika akalitazama wingu, akautupa mpira chini. "Twendeni wote."

Walipofika nyumbani, Abdulshakur alikuwa anahangaika peke yake kulivuta turubai, na upepo ukimvuta yeye. Mama Ritha alikuwa anakuja mbio na kamba mkononi. Mama yake Zakia alikuwa ameuona ujumbe na kumpigia simu kutoka Geita. Mara bodaboda ikaingia uwanjani kwa kishindo, akashuka baba na Fredy, kijana wake wa kazi.

"Shikeni pembe zote nne," baba akaamuru. "Abdulshakur, wewe mwepesi, pitisha kamba chini."

Turubai likapanda juu kama tanga, wasichana wakaliangusha kwa uzito wao. Kamba ya mwisho ilipokazwa, mvua ikamwagika. Walijibana chini ya upenu wakiwa wameloa chapachapa, wakitazama maji yakiteremka juu ya turubai bila kugusa dagaa. Fredy akaanza kucheka, na wote wakacheka naye.

Baba hakumgombeza. "Ile tiki ilinifanya nitulie," alisema taratibu. "Na ukweli wako ndio ulionileta. Haikuwa rahisi kuuandika, najua."

Kesho yake Zakia alimrudishia mdogo wake kazi zake zote, na akamwomba radhi.

Jumatatu mfanyabiashara wa Runzewe aliwachukua dagaa wachache kiganjani, akawavunja, wakalia kacha. Akawanusa. "Hawa hawajaonja mvua kabisa," alisema, na magunia yote yakapakiwa garini. Wakati huohuo mama alikuwa anashuka kwenye gari jingine akimshika Bibi mkono. Bibi akasimama, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu.

"Ng'wana wane, mwanangu," alisema kwa Kisukuma chake, "kumbe umekua hivi."

Zakia akawasalimu shikamoo, kisha akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe."

"Marahaba. Nilishakusamehe Jumamosi ileile," mama alijibu. "Lakini sikiliza, nawe Abdulshakur sikiliza. Ukimwambia mtu kazi imekwisha, yeye anageuka na kufanya yake kwa sababu amekuamini. Kwa hiyo sema kweli, hata kama kweli hiyo ni kwamba umeshindwa. Ukisema mapema, watu watakuja. Mmewaona wenyewe walivyokuja."