Kalibu Aliyoikataa Merv

Ndugu zangu wa uwanja wetu wa shabaha, wengi wenu mmekula mezani kwa Merv Tuckwell. Jumapili mchana, nyama ya kondoo ikiiva jikoni, Merv na bintiye Janelle walikaa verandani wakijaza upya maganda ya risasi za bunduki kuukuu za jeshi, zile walizobeba babu zetu vitani. Mkewe, Noelene, aliwaletea chai. Nilipenda kupita pale.

Ugomvi ulianza kwa jambo dogo. Ganda likifyatuliwa hutanuka na kuchukua umbo la chemba, yaani tundu inamokaa risasi, ya bunduki iliyolifyatua. Kabla ya kujazwa tena hupitishwa kwenye kalibu, kifaa cha chuma cha kulibana, ili lirudie kipimo. Kalibu ya Merv, urithi wa baba yake, ililibana ganda zima, toka shingo hadi kitako. Lakini bunduki hizi za zamani zina chemba pana. Ganda linalobanwa lote, likatanuka, likabanwa tena, mwisho huchoka na kuwa jembamba karibu na kitako.

Janelle, fundi wa mashine za kuvunia ngano, aliliona hilo. Akamnunulia baba yake kalibu nyingine, ya kubana shingo tu.

"Baba, kila bunduki tuitengee maganda yake. Ona huu mstari unaong'aa hapa chini. Ganda hili limekwisha."

Merv akacheka. "Mwanangu, kazi hii nimeianza hujazaliwa. Risasi yangu inaingia bunduki yoyote ya klabu. Yako itaingia wapi, mfukoni?"

Tuliokuwepo tukaangua kicheko. Nami nilicheka, na mstari ule nilikuwa nimeuona.

"Merv, mtoto anakueleza kitu," Noelene akasema. "Msikilize walau leo."

"Wewe angalia nyama yako isiungue."

Kalibu mpya haikutolewa hata kwenye boksi. Janelle akaanza kujaza risasi zake peke yake, kwa kalibu ya shingo aliyojinunulia.

Siku ya mashindano, bunduki ya Janelle ikaharibika kifyatulio. Tukamwazima ya klabu. Risasi zake, zilizokaa sawasawa kwenye bunduki yake, zikagoma kuingia humo. Merv alifurahi kama aliyeshinda kesi.

"Si nilikwambia? Haya, chukua za mzee."

"Hapana, Baba. Naacha tu, nitapiga mwezi ujao."

"Unaniaibisha mbele ya watu? Unadhani baba yako atakupa kitu kibaya?"

Watu walikuwa wanatazama. Janelle akazipokea.

Risasi ya tatu, ganda lilikatika kitako. Moto na vipande vya shaba vikarudi nyuma kupitia komeo la bunduki hadi usoni pa Janelle. Miwani ya kujikinga ilizuia vingi, lakini kimoja kilipenya pembeni na kuingia jicho la kulia. Sijawahi kusikia mtu mzima akimwita mama yake namna ile.

Helikopta ikampeleka hospitali mjini Melbourne. Madaktari walishindwa kuliokoa jicho. Merv alisimama mlangoni pa wodi, kofia mkononi.

"Mwanangu, sikujua."

"Ulijua, Baba. Mimi ndiye niliyekwambia."

Janelle alipopona alihamia mji wa Geelong, na kabla majira ya baridi hayajaisha Noelene akamfuata. Merv hupiga simu kila Jumapili. Noelene hupokea, humwambia kwamba binti yao hajambo, kisha hukata.

Funzo

Enyi wazazi, ukubwa wa umri haumpi mtu haki ya kukosea kwa niaba ya wanawe. Mtoto akikuonyesha hatari kwa kidole, itazame hatari, usianze kupima umri wa kidole. Nasi tuliokaa pembeni tukicheka tusijitoe lawamani. Merv alikuwa na kiburi, sisi tulikuwa na macho mawili kila mmoja, na tulinyamaza. Leo tunamlaumu yeye peke yake kwa sababu ni rahisi.